Jinsi ya kuona mawimbi ya mwanga kwa unywele mmoja na leza

Wadau, lile jaribio la kwantamu (fizikia ya vitu vidogo sana kama chembe za mwanga na elektroni) ambalo kila mtu analitaja, mwanga kupita njia mbili alafu kutengeneza mistari, nusu yake unaifanya chumbani kwako leo usiku na hela haiendi nyingi.

Tafuta leza nyekundu ile ya kuonyeshea slaidi, kibanio cha nguo, selotepu, kipande cha boksi, rula na unywele mmoja. Leza isizidi miliwati 1 (kwenye lebo ni 1 mW) na isimulike jicho la mtu wala kioo, hapo hakuna mjadala. Zile za kijani za bei chee achana nazo kabisa, nyingi zina nguvu kuliko ilivyoandikwa.

Toboa tundu kwenye boksi, nyoosha unywele wima katikati ya tundu uukaze na selotepu juu na chini. Leza ibane na kibanio, kibanio hichohicho kikandamize swichi ili mkono usitikise kitu. Kutoka kwenye unywele mpaka ukutani acha mita 2, zima taa, elekeza leza ipige unywele wenyewe. Ukutani doa litatanuka liwe mstari wa kulala, na huo mstari umekatikakatika, nyekundu, giza, nyekundu, giza, kwenda kulia na kushoto. Ukiona doa tupu ujue umeukosa unywele, sogeza boksi polepole.

Sasa pima. Chagua upande mmoja, pima toka giza moja hadi giza linalofuata, ila afadhali upime nafasi tano kwa pamoja ugawanye kwa 5. Chukua urefu wa wimbi (umeandikwa kwenye lebo, mara nyingi nanomita 650, yaani milimita 0.00065), zidisha kwa umbali wa ukuta kwa milimita (mita 2 ni 2000), gawanya kwa ulichopima. Mfano umepata milimita 16: 0.00065 × 2000 ÷ 16 = 0.081. Huo ndio unene wa unywele kwa milimita, umeupata kwa rula ya shule! Mimi hapa ndo napapenda kuliko kote.

Giza linatokea kwasababu mwanga umepita pande zote mbili za unywele, na sehemu ambayo kilele cha wimbi moja kinakutana na bonde la lingine vinafutana. Mwanasayansi Thomas Young alifanya hivihivi Uingereza mwaka 1803, yeye alitumia kadi nyembamba kwenye mwali wa jua, na alipoziba upande mmoja mistari ndani ya kivuli ikapotea. Na wewe ziba, ingiza karatasi ngumu taratibu kutoka upande mmoja mpaka iguse unywele, zile giza za mpangilio zinafutika.

Mpaka hapo ni mawimbi tu. Mwaka 1909 mwanafizikia G. I. Taylor kule Cambridge, Uingereza, akapiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno, yaani kama chembe za mwanga zinapita mojamoja, picha moja ilichukua kama miezi 3, na mistari bado ikatoka. Alafu 1989 Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi, Japani, wakapitisha elektroni pande mbili za uzi mwembamba sana uliotiwa umeme, mojamoja, ni nadra mbili kuwa ndani ya mashine kwa pamoja. Kila elektroni inatua kama nukta moja, mwanzoni nukta zimetapakaa ovyo huoni chochote, zikifika maelfu kwa maelfu mistari inajitokeza yenyewe. Yaani inafika kama chembe lakini wapi itue inaamuliwa na wimbi lililopita pande zote mbili.

Na tafadhali msiendelee kusambaza kwamba eti elektroni inabadilika kwasababu binadamu ameiangalia. Jicho halihusiki. Kifaa chochote, hata chembe nyingine tu ya mwanga iliyogongana nayo, ikibaki na alama inayotofautisha ilipita kushoto au kulia basi mistari inapotea, hata kama hakuna mtu atakayeisoma hiyo alama.