Namna ya Kuchonga XF-91, Ndege Yenye Mabawa Mapana Nchani

Wachongaji wa majahazi madogo hapa Lamu ni wengi, nami ni mmoja wao. Ila kazi ninayoipenda kuliko zote ni XF-91 Thunderceptor, ndege ya kivita ya majaribio ya kampuni ya Republic ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza Mei 1949. Kama mkono wako umeshazoea patasi, utaiweza.

Ijue kwanza. Injini za jeti za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo, ndege ikachelewa kupanda kuziwahi ndege za mabomu. Roketi hupandisha upesi, lakini mafuta yake huisha kwa dakika chache. Republic wakaviweka vyote viwili mkiani: jeti ya J47 katikati, na roketi ya XLR11 yenye matundu manne, mawili juu ya jeti na mawili chini. Roketi ya kupandia, jeti ya kurudia nyumbani. Baadaye iliipita kasi ya sauti.

Urefu wake ni mita 13.2, na mabawa mita 9.5 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 40: mwili sentimita 33, mabawa karibu 24.

Mwili uchonge kwa mwembe, mti laini usiosumbua. Kabla hujauviringa, gogo likiwa bado la mraba na limetulia kwenye jiriwa, toboa kwa keekee tundu la hewa puani na yale matano ya mkiani. Ukishauviringa, keekee itateleza.

Mabawa usiyachonge kwa mwembe, yatakatika. Mimi huokota vipande vya msaji kwa mafundi wa milango. Hakikisha nyuzi za mbao zinakwenda na urefu wa bawa.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Bawa la ndege nyingine huanza pana mwilini, likapungua kuelekea nchani. Hili ni kama kasia: jembamba linapoanzia, pana linapoishia, na unene nao vivyo hivyo. Mabawa yaliyolala nyuma, ndege ikipunguza mwendo, hupoteza nguvu ya kuinua kwanza nchani, na pua ikanyanyuka ghafla. Ndiyo maana ncha zikapewa upana, ziendelee kushika hewa. Ukikosea hapo, umechonga ndege nyingine kabisa.

Chora bawa moja kwenye katoni, ulikate, kisha uligeuze upate la pili. Kata mbao ukiacha milimita moja nje ya mstari. Kupunguza unene anzia katikati ukielekea shinani, na utumie tupa. Patasi ikizama pale shinani mara moja tu, bawa limekwisha. Kila baada ya muda yalaze mabawa moja juu ya jingine uyalinganishe. Halafu fumba macho upitishe kidole gumba taratibu kutoka ncha hadi shina. Kidole hugundua kibonge ambacho jicho limekipita. Msasa uje mwisho.

Mabawa ya ndege halisi yalibadilishwa pembe, moja ya kuruka na kutua, nyingine ya kwenda kasi. Nawe usiyagundishe mwilini. Toboa mwili upande hadi upande, pitisha kijiti kimoja cha mkoko, ugundishe mabawa kwenye kijiti. Yatageuka pamoja, na watoto hulipenda hilo kuliko roketi.

Ukiichonga ikiwa chini, kila upande una magurudumu mawili, moja nyuma ya jingine. Yalikunjwa kuelekea nje, kwa kuwa nchani ndiko kwenye unene wa kuyaficha. Ikiwa angani, achana nayo.

Rangi ni ya fedha tu, nyembamba, maana ile yenyewe ilikuwa bati tupu. Usiipake wakati wa masika. Mbao ikishavuta unyevu wa mvua, rangi huinuka, na wa kwanza kubanduka ni ule ukingo mwembamba wa shina la bawa.