Hifadhi ukurasa siku ileile unayoutumia

Juzi nikiwasilisha utafiti, mwalimu aliomba nifungue kiungo kilicho chini ya grafu yangu. Ikaja 404, yaani ukurasa haupatikani, darasa zima likacheka. Sasa nafanya hivi: siku ileile ninaponakili takwimu, naingia web.archive.org, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, nabandika kiungo kwenye kisanduku cha kuhifadhi ukurasa, kisha kiungo kipya ninachopewa nakiweka kwenye orodha ya marejeo pamoja na kile cha awali. Kwenye slaidi yenyewe, chini ya grafu, naandika taasisi na mwaka tu. Kiungo kirefu kama mkia wa tiara hakisomwi na mtu ukutani.

Kiungo hicho kipya hubeba tarakimu 14, mfano 20250314221502: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Tovuti ikibadilisha takwimu kesho, ulichokiona wewe bado kipo. (Saa hizo ni za UTC, saa rasmi ya kimataifa, nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukihifadhi saa saba usiku, itaonyesha tarehe ya jana, usishtuke.)

Njia hii hugoma kwa kurasa zinazodai nywila na kwa tovuti zinazozuia kuhifadhiwa. Hapo piga picha ya skrini, andika na tarehe. Makala ya jarida yenye DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa makala) haihitaji haya yote, weka DOI yake basi. Na ukishahifadhi, ifungue nakala uione kwa macho yako: grafu za kubonyezabonyeza mara nyingi hutoka tupu.