Namna ya Kuwafunza Wahudumu wa Makuzi ya Watoto Wadogo Unguja na Pemba

Mwongozo huu umekusudiwa mkufunzi aliyepewa kazi ya kuwaandaa wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, walimu wa maandalizi, wahudumu wa afya wanaojitolea katika shehia na maafisa ustawi wa jamii, ili waweze kuwasaidia watoto wa tangu kuzaliwa hadi umri wa kuanza skuli pamoja na wazee wao. Jambo kubwa la kuwafunza watu hawa ni kutazama kabla ya kusema. Elimu nyingine wengi wao tayari wanayo, na isiyokuwepo husomeka vitabuni.

Anza na ratiba, kwani ratiba ya visiwa hivi huandikwa na maji kabla ya kuandikwa na afisi. Akina mama wanaolima mwani Paje au Jambiani huteremka pwani siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, na siku hizo hakuna atakayekaa mkekani kukusikiliza. Maji mafu ndiyo wakati wa kuzuru majumba. Pemba nako, karafuu zikizaa, familia nzima huweza kuhamia kambini na watoto wachanga wakalazwa kivulini chini ya mikarafuu. Muulize sheha, kiongozi wa shehia, kabla hujachapisha barua ya mwaliko.

Washiriki wasizidi 20, na watoke katika shehia moja au shehia jirani, kada zote kwa pamoja. Muuguzi humwona mtoto siku ya chanjo, mwalimu humpokea akiwa na miaka minne, na baina ya siku hizo mbili hupita muda mrefu ambao mhudumu wa shehia peke yake ndiye anayepita mlangoni. Wasipojuana, mama mmoja ataambiwa mambo matatu yanayopingana.

Siku ya kwanza inatosha kwa nadharia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walizindua mfumo wa malezi jumuishi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Nne kati ya hizo hueleweka upesi. Ile ya mwitikio ndiyo inayowapiga chenga washiriki, na mimi huieleza kwa kitendawili. Anayetega husema “Kitendawili!”, naye hawezi kuendelea mpaka aambiwe “Tega!” Mtoto mchanga hutega mchana kutwa, kwa jicho, kwa sauti, kwa kunyoosha mkono, asipoitikiwa mara moja hujaribu tena, lakini asipoitikiwa siku zote huacha kutega. Mwitikio huo ndio unaojenga lugha yake na imani yake kwa watu.

Kuanzia siku ya pili watoke ukumbini. Wagawe wawili wawili, waende katika nyumba ambazo wenyewe wameridhia, wakae nusu saa bila ya kalamu. Watakachokiona kinafanana na hiki: mama amekaa uani anachagua mchele kwenye uteo, na mtoto wa miezi tisa yuko mbele yake ameshika kifuu. Mtoto anagonga kifuu sakafuni mara mbili, anainua macho, anamtazama mama. Mama, bila ya kuacha kazi, anagonga ukingo wa uteo kwa kidole mara mbili na kusema, “Ee, umegonga!” Mtoto anacheka, anagonga tena. Mambo yote hayo hayafiki hata dakika moja. Mshiriki asiyezoea ataripoti kwamba mama alikuwa na shughuli na hakucheza na mwanawe, ilhali mchezo umekwisha kuchezwa mbele yake. Mfunze amwambie mama alichokiona: “Nimeona ulivyomjibu, naye akagonga tena.” Maneno hayo humfaa mama kuliko hotuba nzima juu ya umuhimu wa michezo, kwa sababu yanamwonesha kitu anachokifanya tayari na anachoweza kukizidisha.

Usiruke adabu ya kuingia. Mshiriki apige hodi na asubiri, avue viatu, amwamkie bibi kwanza, kisha mama wa mtoto, na akae chini wanapokaa wenyewe. Bibi ndiye mwenye kauli katika mambo ya mtoto mchanga, na mafunzo yanayompita yeye hubaki kwenye daftari. Anapomkanda mjukuu kwa mafuta ya nazi, aulizwe, “Bibi, ukimkanda hivi humwambia nini?”, kwa kuwa pale pana mguso, maneno na macho kwa macho, na hakuna mtaalamu atakayebuni zoezi bora kuliko hilo. Lenye madhara lisemwe mbele yake kwa heshima, si nyuma yake: mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe maziwa ya mama tu bila ya maji wala uji, na wanja usitiwe machoni, kwani baadhi yake huwa na madini ya risasi. Baba naye atafutwe barazani baada ya alasiri. Mara nyingi hayupo nyumbani kwa sababu hakuna aliyemwita.

Hatua za ukuaji zifundishwe kama alama za kufuatiliwa, si mtihani wa mtoto. Anayehitaji kuangaliwa zaidi ni yule ambaye hajakaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, hageuki akiitwa jina lake alipotimiza mwaka, hatembei akiwa na miezi 18, haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili, au amepoteza alichokuwa akikiweza, na hili la mwisho halingojewi katika umri wowote. Wakumbushe pia upungufu wa damu: utafiti uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2001 ulionesha kuwa madini ya chuma yaliinua uwezo wa lugha wa watoto wadogo. Hata hivyo mhudumu asigawe vidonge kwa kukisia. Ampeleke mtoto akapimwe.

Kabla ya kufundisha rufaa, nenda mwenyewe hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja, au ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, ujue ni siku gani na mlango upi. Mama anayetoka Micheweni hadi Mkoani hukikata kisiwa chote kutoka kaskazini hadi kusini. Akirudishwa kwa kuwa amekuja siku siyo, hatakuja tena.

Niliwahi kuendesha semina ya siku tano, yenye slaidi nzuri na posho iliyolipwa kwa wakati, jambo ambalo lenyewe ni nadra. Miezi miwili baadaye nilimkuta mshiriki wangu bora ameinamia fomu, akiuliza maswali mfululizo, na mtoto aliyekuwa akimvuta kanga hakutazamwa hata mara moja. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimemrudia hata siku moja. Kituo cha Madrasa, kilichoanza kazi Zanzibar mwaka 1990, kiliwafunza akina mama wa vijijini kuwa walimu wa maandalizi, na wakufunzi wake waliwafuata hukohuko madarasani.

Tenga basi fedha za ziara tatu kwa kila mshiriki kabla ya kutenga za ukumbi. Ya kwanza iwe ndani ya wiki mbili, na mazungumzo yafanyike njiani mnaporudi, ukianza kwa kumuuliza, “Umemwona mtoto akifanya nini?” Akikujibu kwa kueleza aliyoyasema yeye, nendeni nyumba nyingine siku ileile. Ya pili iwe baada ya mwezi. Ya tatu iwe baada ya miezi mitatu, na siku hiyo mkufunzi akae nyuma karibu na mlango, mshiriki ndiye apige hodi.