Kupika dizeli kwa mafuta yaliyokaangia viazi karai

Mafuta ya kupikia ukiyatia hivihivi kwenye injini ya dizeli, itanguruma. Lakini ni mazito mno, na haipiti muda nozo, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zinaganda masizi. Yageuze kwanza. Anza na lita 1, pipa litakungoja.

Hatua ya 1. Ukishanunua mafuta kwa wakaangaji wa Mwembe Tayari au Kongowea, hapa Mombasa, yachuje kwa kitambaa, kisha yapashe. Yakitatarika yana maji: endelea mpaka yanyamaze. Maji yakibaki utapata sabuni.

Hatua ya 2. Pima ukali wa mafuta. Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami naisisitiza kuliko zote. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Kando, changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za spiriti ya isopropili, utie matone ya bizari ya manjano iliyolowekwa kwenye spiriti. Dondoshea maji ya kostiki kwa bomba la sindano, polepole, mpaka rangi ya manjano iwe nyekundu na isirudi kwa nusu dakika. Mililita zilizotumika, jumlisha na 3.5: hizo ndizo gramu za kostiki kwa lita ya mafuta. Zikiwa 2, unapima gramu 5.5. Usikisie, maana karai mbili za mtaa mmoja hazitoi mafuta sawa.

Hatua ya 3. Yeyusha kostiki kavu uliyopima katika mililita 200 za methanoli, ndani ya chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko, kamwe si sufuria ya alumini. Fanyia nje penye upepo, na glavu na miwani. Methanoli ndiyo iliyoua na kupofusha wanywaji wa pombe haramu Kenya mwaka 2014, na hupenya hata ngozi. Pasha mafuta hadi nyuzi 55, zima jiko kabisa, mimina, koroga saa nzima.

Hatua ya 4. Acha hadi kesho yake. Gliserini ya kahawia itatuama chini, itoe. Osha dizeli kwa maji, taratibu, mpaka maji yatoke maangavu, kisha ikaushe.

Kwa injini kuukuu, tia sehemu 1 kwa sehemu 4 za dizeli ya kituoni. Itakwangua uchafu wa tangi, basi weka filta ya akiba, na badilisha mipira ya zamani kwani hulainika. Mafuta yetu mengi ni ya mawese: kwa joto la Mombasa hayana neno, ila gari likipanda Limuru kwenye baridi ya mwezi wa Julai, dizeli hii huanza kuganda. Safari ya bara, jaza ya kituoni.