Kuweka mpindo na msokoto kwenye shafti ndani ya CalculiX

CalculiX ni programu inayokokotoa mikazo kwa kugawa kipande katika vipande vidogo (elementi) vinavyoungana kwenye nukta (nodi). Tuchukue shafti ya chuma ya kipenyo cha mm 40 na urefu wa mm 400, iliyolala kwenye mhimili wa X. Mwisho mmoja umefungwa. Mwingine unabeba msokoto wa N·m 300 na momenti ya mpindo ya N·m 200.

Kikwazo cha kwanza: nodi za elementi mango zinajua kusogea tu, hazijui kuzunguka. Ukiibandika momenti moja kwa moja kwenye nodi ya uso, haina pa kushika. Tengeneza nodi mbili katikati ya uso wa mwisho, kisha uzifunge na nodi zote za uso huo (hapa seti NCHA):

*RIGID BODY, NSET=NCHA, REF NODE=9001, ROT NODE=9002
*CLOAD
9002, 1, 300000
9002, 3, 200000

Ile 9001 inabeba kusogea, 9002 inabeba kuzunguka. Momenti ziende kwa 9002: namba 1 ni kuzunguka X, yaani msokoto; namba 3 ni kuzunguka Z, yaani mpindo. Vipimo vikiwa mm na N, momenti ni N·mm. Ukiandika 300 badala ya 300000 programu haitalalamika, itakupa tu mkazo mdogo mara elfu.

Wavu, yaani mgawanyo wa shafti katika elementi, uwe wa elementi za daraja la pili (zenye nodi pia katikati ya kingo), C3D10 au C3D20R. Piramidi za nodi nne, C3D4, ni ngumu kupita kiasi kwenye mpindo, na shafti itaonekana imara kuliko ilivyo.

Endesha kila mzigo peke yake kwanza. Kwa E (ugumu wa chuma) ya MPa 210000 na uwiano wa Poisson wa 0.3, msokoto peke yake utoe mkazo wa kukata wa MPa 23.9 juu ya ngozi na mzunguko wa nyuzi 0.34. Mpindo peke yake: mkazo wa MPa 31.8 juu ya ngozi, na ncha ishuke au ipande mm 0.61 hivi. Vikiunganishwa, von Mises (mkazo mmoja unaounganisha yote) ifike MPa 52.2 pale kwenye ngozi mkazo wa mpindo ulipo mkubwa zaidi. Soma namba hizi katikati ya shafti, angalau kipenyo kimoja kutoka kila mwisho. Penye kona ya uso uliofungwa mkazo hupanda kila unapougawa wavu katika elementi ndogo zaidi, wala hautulii; usiuripoti.

Halafu kuna sehemu za chuma chembamba zilizo wazi, kama chaneli ya C. Hapo uso uliofungwa kigumu huzuia bapa zisijikunje kwenda nje ya uso wake, na chaneli huonekana ngumu kwenye msokoto kuliko ilivyo kweli. Ikiwa kwenye kifaa chenyewe mwisho uko huru, tumia kiungo cha kusambaza, kinachogawa momenti kwa nodi bila kuukaza uso.

Kipande laini kinachosokotwa sana, mpira kwa mfano, kinahitaji NLGEOM (hesabu inayozingatia mabadiliko makubwa ya umbo) kwenye *STEP, mstari unaoanzisha hatua ya hesabu. Bila hiyo hesabu husogeza kila nodi kwa mstari ulionyooka badala ya tao: kwa nyuzi 30 kipenyo cha mm 40 kitaonekana kimevimba hadi mm 45, ilhali hakuna kilichokisukuma nje. Ukiona uvimbe huo kwenye picha, usiuchukulie kuwa ni tabia ya mpira.