Tangazo la kampuni: liweke pale mteja atalikuta

Mteja amesimama Katuba, mjini Lubumbashi, na mizigo yake, anataka kujua kama basi la Likasi bado linaondoka. Simu ina chaji kidogo, mega za intaneti zimekwisha. Pangeni matangazo yenu kwa ajili ya huyo kwanza.

Chagueni mahali pamoja ambapo kila tangazo litakaa, kisha kwingine kote muelekeze hapo. Chaneli ya WhatsApp inafaa kuliko statusi. Statusi hupotea baada ya saa 24, lakini aliyejiunga na chaneli leo anaweza kusoma yaliyotangazwa hadi siku 30 nyuma. Orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi kwa mara moja ina kikomo cha watu 256, na asiyehifadhi namba yenu hapati kitu. Hapo ndipo kampuni nyingi hudhani zimetangaza, kumbe hazikutangaza.

Kwenye Facebook, bandikeni tangazo juu kabisa ya ukurasa, maana machapisho hayamfikii mtu kwa mpangilio wa tarehe: la wiki iliyopita linaweza kumtokea leo asubuhi kana kwamba ni jipya. Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe na siku, tarehe na mwaka. Picha ya karatasi yenye mhuri peke yake haitoshi. Andikeni maneno yaleyale chini ya picha, ili anayetafuta kwa neno “Kasumbalesa”, mji wa mpakani, ayapate.

SMS ndiyo inayomfikia asiye na mega, ila ina mtego. Meseji moja hubeba herufi 160. Herufi za Kifaransa é, è na à hazina shida, lakini ê ya “arrêt” au ô ya “dépôt” ikiingia hata mara moja, kikomo hushuka hadi 70, na mnalipia meseji mbili au tatu. Alama ya ’ iliyopinda, ile inayotoka kwenye Word, hufanya vilevile. Tumieni ' iliyonyooka. Kiswahili hakina herufi hizo, basi andikeni SMS kwa Kiswahili.

Saa huleta ugomvi mwingi kwenye gishe, dirisha la tiketi. Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, na tangazo la makao makuu likinakiliwa bila kusema saa ya wapi, abiria hukosea kwa saa moja nzima. Andikeni hivi: “10h00, saa nne asubuhi, saa ya Lubumbashi”.

Mlangoni bandikeni karatasi ya A3, ndani ya plastiki msimu wa mvua, herufi zisomeke kutoka mita mbili. Anayeondoa la zamani awe mtu mmoja anayejulikana.

Mkikosea, msifute kimyakimya. Aliyesoma la kwanza hatajua kwamba limebadilika, na nakala zake tayari zinazunguka kwenye magrupu. Wekeni juu “IMEREKEBISHWA”, pamoja na tarehe na saa, kisha mrudie kila mahali mlipotuma la kwanza, mlango ukiwemo.

Kisha jaribuni. Mpeni mtu asiye mfanyakazi wenu simu isiyo na namba yenu, mwambieni atafute kama mko wazi Jumamosi. Hesabuni dakika. Zikipita mbili, angalieni alianzia wapi kutafuta, na tangazo lijalo liwekeni hapo pia.