SOMO: Kutoa alama na kuandika kadi ya maoni kwenye mashindano ya nyama choma

Wakuu, habari za leo. Kila mashindano ya kuchoma yakinukia hapa Mwanza simu yangu haipoi. "Alama mnatoaje?" "Kwenye kadi naandika nini?" "Mbona fulani kapata 8 mimi 6?" Naandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena namtumia hili.

Mizani ninayoitumia ni ya Kansas City Barbeque Society ya Marekani. Wao wanashindanisha kuku, mbavu za nguruwe, nyama ya nguruwe na kidari cha ng'ombe. Sisi tunaweka mbuzi, kuku, kitimoto na samaki, lakini hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1. Jaji asije ameshiba, asije amekunywa, asijipulizie marashi.

Hatua ya 2. Asiyekula kitimoto aseme mapema apangwe meza nyingine. Visu na mbao za kukatia za kitimoto zisivuke meza.

Hatua ya 3. Msimamizi abadilishe namba za vyombo vya nyama vya timu kabla havijafika kwa majaji. Orodha ya namba halisi anabaki nayo yeye peke yake. Majaji sita, vipande visivyopungua sita.

Hatua ya 4. Alama ni hizi: 9 bora kabisa, 8 nzuri sana, 7 juu ya wastani, 6 wastani, 5 chini ya wastani, 4 dhaifu, 3 mbaya, 2 hailiki, 1 imeondolewa kwa kuvunja kanuni. Unatoa alama tatu: mwonekano, ladha, ulaini. Mwonekano unauandika kabla mkono wako haujagusa nyama. Ladha unaionja nyama ikiwa peke yake. Kachumbari, ndimu na pilipili vikae mbali. Kati ya chombo na chombo, maji na kipande cha mkate mkavu.

Hatua ya 5. Hapa ndipo watu wanapopotea. Alama hizo tatu hazina uzito sawa. Mwonekano unazidishwa kwa 0.56, ladha kwa 2.2972, ulaini kwa 1.1428. Jaji akitoa 9 zote tatu, timu inapata 36. Jumla ya jaji aliyetoa kidogo kuliko wote inaachwa, zinabaki tano, kwa hiyo kilele ni 180. Sasa tazama: timu A ina 8, 7, 8, inapata 29.7028. Timu B imepamba chombo mpaka kinapendeza, ina 9, 6, 8, inapata 27.9656. Alama moja ya ladha inabeba kuliko alama nne za mwonekano. Ukijua hivyo utaacha kuchonga karoti usiku kucha.

Hatua ya 6. Kadi ya maoni. Someni hapa taratibu, maana ugomvi wote niliowahi kuuona baada ya matokeo ulianzia kwenye kadi. Kadi ni ushahidi wa mdomo wako, pua yako na macho yako. Siyo mahali pa kumfundisha mtu kupika, wala pa kukisia alichofanya jikoni. Ukiandika "Mmewasha kwa mafuta ya taa", umemshtaki mtu, na pengine jirani yake ndiye aliyemwaga mafuta hayo kwenye jiko lake mwenyewe. Andika "Nimesikia harufu ya mafuta ya taa kwenye ngozi ya kuku". Hilo hakuna wa kukubishia, kwa sababu pua ni yako. Vivyo hivyo "Mbuzi mmemchemsha kwanza" ni kukisia; "Nyama imeachia mfupa kabla sijaing'ata, haina ukoko wa moto" ni ushahidi. Mchomaji atajua mwenyewe alichofanya.

Tahadhari: maneno na namba vifanane. Umetoa 5 ya ladha halafu umeandika "Nzuri, kazeni buti"? Hiyo kadi haina kazi. Kila alama ya 6 kushuka chini iwe na sentensi, na sentensi itaje sehemu: juu, ndani, ngozi, karibu na mfupa. "Chumvi nyingi" haitoshi. "Chumvi kali kwenye ganda la nje, ndani haijafika" inamsaidia mtu mashindano yajayo.

Tahadhari nyingine: andika kabla chombo kinachofuata hakijafunguliwa. Ukisubiri mwisho utamwandikia timu ya tatu kasoro za timu ya kwanza.

Hatua ya 7. Kadi anakusanya msimamizi. Timu zipewe siku ileile, majina ya majaji yakiwa yamefichwa.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Igoma: Mkuu, kwa hiyo alama ngapi ndiyo nzuri?

Jibu: Hatua ya 4.

Mchoma Mbuzi: Sisi tulipewa 6 ya ulaini na nyama ilikuwa laini mpaka inadondoka. Semeni tu mnabeba watu wenu.

Jibu: Kudondoka ndiko kulikokupunguzia. Mbavu ukizing'ata, paachie palipong'atwa tu, kwingine kubaki kwenye mfupa. Mbuzi naye anatakiwa atafunike, asivutike kama mpira wala asiwe uji. Na namba zilibadilishwa kabla ya kufika mezani, kwa hiyo huyo "mtu wetu" tungemjuaje?

Mama Kirumba: Shikamoo mwalimu. Mimi nachoma sato. Ulaini wa samaki mnaupimaje wakati samaki wote ni laini?

Jibu: Marahaba mama, swali zuri sana hili. Kwa samaki hatutafuti ulaini wa meno, tunatafuta kama ameiva sawasawa. Tunabonyeza kwa kidole nyama nene ya mgongoni, nyuma ya kichwa. Ikiachana kwa mafungu yake na mfupa ukabaki safi, ameiva. Ikiwa bado inang'ang'ania mfupa na inaonekana kama ya kioo, ni mbichi. Mkia huwahi kukauka, kwa hiyo jaji anayeonja mkia tu anakuonea. Muombe msimamizi vipande vyote vitoke sehemu moja. Shombo inahesabiwa kwenye ladha. Na sangara asiwekwe kundi moja na sato: ana mafuta mengi, anavumilia moto kuliko sato.

Mchoma Mbuzi: Sawa nimekuelewa kuhusu mbavu. Lakini kwa nini majaji wanakatazwa kuongea mezani?

Jibu: Mmoja akiguna tu "mmh", wengine wanashusha alama. Tunataka midomo sita, siyo mdomo mmoja uliorudiwa mara sita. Wakishakabidhi kadi waongee mpaka usiku.

Mpishi wa Nyegezi: Nje kidogo ya mada. Hiyo harufu ya mafuta ya taa sisi tunaipata kila mara. Mchana upepo wa ziwani unapiga, mkaa hauwaki bila mafuta.

Jibu: Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, kitako usikitoe, kitoboe matundu mengi, toboa na pembeni kwa chini. Liweke juu ya mawe matatu, chini sokota karatasi kavu, juu jaza mkaa. Hewa inapanda yenyewe, upepo unakuwa msaada. Usianze kuchoma mpaka mkaa uvae majivu meupe.

Kijana wa Igoma: Kopo la rangi je?

Jibu: Hapana. Rangi iliyobaki inaungua na harufu yake inaingia kwenye nyama. La maziwa.